Bomba la Kuingia Jikoni

Wanangu wa kijiji chetu cha Rangwi, nimekaa na maji ya bomba miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na katika miaka hiyo yote nimeona kwamba kila kipande cha mradi wa maji kina mwenyewe isipokuwa kimoja. Chanzo kule msituni kina wenyewe: kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo hata mto wetu Umba uko chini yake, na kuna wanaolinda msitu. Tangi lina mwenyewe, tena lina kufuli. Bomba kubwa linaloshuka kando ya barabara ni la jumuiya ya watumiaji maji, na siku likipasuka mwenyekiti hupigiwa simu usiku wa manane. Koki ya uani ni yako, hilo halina ubishi. Ila kile kipande cha katikati, kinachotoka kwenye bomba kubwa, kikapita chini ya migomba, kikakatiza njia ya ng'ombe, kikazunguka choo cha jirani hadi kikafika jikoni kwako, hicho ni yatima. Jumuiya husema ni cha mwenye nyumba. Mwenye nyumba husema ni cha jumuiya. Maji hayana ugomvi na mtu. Yanapita humo humo na kubeba yanayoyakuta.

Sisemi haya kwa hasira. Hasira nilikwisha kuipa likizo.

Mnakumbuka kusimuliwa, na wengine tulikuwepo, mwaka 1971 serikali ilipotangaza mpango wa miaka ishirini: ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji karibu na nyumba yake. Na maji yalikuwa bure. Tulichimba mitaro kwa nguvu zetu, kina mama tukibeba mabomba mabegani na watoto migongoni, tukiimba. Bomba likafika, tukala pilau. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza nani atalibadilisha likichakaa, maana kitu cha bure huwa hakiulizwi umri wake. Zikaja sera nyingine. Ile ya mwaka 2002 ikasema watumiaji wenyewe ndio wenye mradi, wachangie na kuuendesha. Ikaja sheria ya mwaka 2019, ikaleta RUWASA, wakala wa maji vijijini, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vyenye katibu, mhasibu na daftari. Kila zama zina neno lake. Siku hizi tunaambiwa ni kumtua mama ndoo kichwani, na mimi niliyeibeba hiyo ndoo mpaka utosi ukanyonyoka nywele siwezi kulicheka neno hilo.

Lakini angalieni jinsi mambo yanavyokwenda kila mara. Mradi unakarabatiwa. Chanzo kinajengewa upya, tangi linapakwa rangi ya bluu, bomba jipya la plastiki linalazwa hadi kwenye gati la kuchotea maji. Mgeni rasmi anakuja, utepe unakatwa, koki inafunguliwa, watu wanapiga makofi, na kwenye picha maji yanang'aa. Kisha maji hayo mapya, yaliyotoka kwenye chanzo kipya kwa bomba jipya, yanaingia kwenye kipande kile cha chuma kilichofukiwa na marehemu mume wa fulani, chenye kutu ndani hadi tundu lake limebaki la kupitisha kidole cha mtoto. Sijawahi kuona utepe ukikatwa mlangoni kwa mjane kwa sababu bomba lake la inchi nusu limebadilishwa. Hakuna picha hapo. Kuna shimo tu na matope.

Na mwenye nyumba mwenyewe je? Mwenye nyumba ni binadamu. Mtu hutoa pesa kwa kitu anachokiona. Bati analiona. Simu anaiona, tena na majirani wanaiona. Viatu vya watoto vya Pasaka au Idi anaviona. Bomba liko chini ya udongo, halimdai chochote, na maadamu koki inatoa hata kama inatoa kikohozi kwanza, yeye ataendelea kulala. Likivuja anaita fundi, na fundi naye, akijua mfuko wa mteja wake, anakuja na kipande cha tyubu ya baiskeli. Anakizungusha, anakikaza kwa waya, anakunywa chai, anakwenda. Nimeona mabomba hapa kwetu yenye viraka vya tyubu vya vizazi viwili. Simlaumu mtu. Msimu ambao kabichi inalimwa hadi mgongo unapinda, halafu dalali anaitaka kwa rumbesa na bei ya kutupa, nani atakwenda dukani kuulizia mita ishirini za bomba?

Sasa ngojeni niwaambie yanayotokea ndani ya kipande hicho, maana wengi mnadhani shida yake ni kuvuja tu.

Maji yetu yana mgao, hasa kiangazi. Asubuhi yanakuja, mchana hayapo. Bomba likiwa limejaa na lina msukumo, kila tundu linatoa maji nje, na mnaona majani ya kijani yameota hapo mnafurahi. Bomba likikauka ghafla, mambo yanageuka: lile tundu lililokuwa likitoa sasa linavuta. Linavuta tope, linavuta kilichopo kando ya choo, linavuta mbolea uliyotia kwenye karoti. Kesho yake maji yanaporudi, kikombe cha kwanza ndicho kinachobeba yote hayo, na kikombe cha kwanza ndicho mnachotilia uji wa mtoto. Halafu mtoto anaharisha, mnasema ni meno.

Hiyo ni hesabu ya uchafu unaoonekana. Kuna mwingine usioonekana, na huu ndio uliowatoa jasho watu wenye miji mikubwa kuliko yetu. Ni madini ya risasi. Kwa karne nyingi huko Ulaya na Marekani, kipande hicho hicho yatima, cha kutoka barabarani hadi nyumbani, kilitengenezwa kwa risasi tupu, kwa sababu risasi ni laini, inapinda, haiozi upesi, na mafundi waliipenda. Warumi walifanya hivyo, na mwandishi wao Vitruvius aliwaonya kabla hata Yesu hajazaliwa kwamba maji ya bomba la risasi si mazuri kwa mwili. Wakasikia, wakaendelea. Mji wa Chicago ulikuwa na kanuni ya kuwalazimisha wenye nyumba kutumia bomba la risasi hadi mwaka 1986, mwaka ambao serikali ya nchi nzima ilipiga marufuku kulaza mapya. Leo mji huo una mabomba ya namna hiyo yapatayo laki nne. Kwa hiyo msidhani ujinga wa kukawia ni wa Wasambaa peke yetu.

Kwetu milimani sijaona mabomba ya risasi tupu namna ile. Ya kwetu ni chuma cha galvanaizi na, siku hizi, plastiki. Lakini risasi haihitaji bomba zima ili iingie kikombeni. Zinki iliyopakwa kwenye mabomba ya zamani ya galvanaizi mara nyingi ilikuja na risasi ndani yake. Koki za shaba ya njano huchanganywa risasi kidogo ili ziwe rahisi kuchongwa kiwandani, na zile za bei ya chee ambazo hazina jina la aliyezitengeneza, hakuna ajuaye kidogo hicho ni kidogo cha namna gani. Kuna pia risasi ya kuchomelea, ile mnayozibia ndoo na karai. Nenda Madagaska, mji wa Toamasina, ambako watu huchota maji uani kwa pampu za mkono zinazotengenezwa na mafundi wa hapo hapo. Ndani ya pampu kulikuwa na valvu yenye uzito wa risasi, kwa sababu risasi ni nzito na ni rahisi kuyeyusha. Watafiti walipopima maji wakaikuta. Wakafanya nini? Wakakaa na mafundi wale wale, valvu zikabadilishwa kwa chuma, na walipowapima tena watoto, risasi katika damu yao ilikuwa imepungua. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyetukanwa. Kipande kidogo kilibadilishwa.

Na maji ya milimani, wanangu, yana tabia yao. Ni matamu kwa sababu hayana chumvi, na kwa kuwa hayana chumvi hayajengi ule utando mgumu ndani ya bomba unaoikinga metali. Yanaila. Watu wa Glasgow kule Uskoti wamekunywa maji laini ya ziwa la milimani, Loch Katrine, tangu mwaka 1859, wakiyasifia kwa utamu, na mabomba yao yalikuwa ya risasi. Zaidi ya miaka mia ilipita ndipo wakaanza kuyatia chokaa, mwishoni mwa miaka ya 1970, ili yaache kuyala mabomba.

Risasi haina ladha, haina harufu, haibadilishi rangi ya maji. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua kwa mvuke, risasi yenyewe inabaki sufuriani. Mtu mzima ina namna ya kumdhuru, moyo na figo, lakini mtoto mdogo ndiye inayempenda. Mwili wake huifyonza zaidi, na ukiwa mwili wenye upungufu wa damu, zaidi tena. Haimwangushi siku moja. Inampunguza. Anakuwa mzito wa kushika masomo, na mwalimu anasema hana akili, na baba anasema amerithi kwa wajomba zake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Na jirani zetu wa Mombasa hawahitaji kusimuliwa: watu wa Owino Uhuru waliishi na moshi na maji machafu ya kiwanda kilichoyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Bilioni hizo hazimrudishii mtoto darasa la pili.

Basi turudi kwenye kile kipande chetu. Mtaniuliza, Bibi, unataka tufanye nini? Mwenye nyumba hataki, jumuiya haina fedha, fundi ana tyubu.

Kuna mji unaitwa Newark, jimbo la New Jersey huko Marekani. Walipogundua risasi imezidi majini, kwanza walifanya kile ambacho kila kamati hufanya. Walimwambia mwenye nyumba: mabomba ni yako, sisi tutakusaidia, wewe changia kiasi, hadi dola elfu moja. Kazi ikaenda kwa mwendo wa kinyonga. Wengi wa wakazi wa mji ule ni wapangaji. Mpangaji hawezi kuchimbua nyumba ya mtu, na mwenye nyumba anaishi kwingine na maji hayo hayanywi. Mwaka 2019 wakaacha ubishi. Wakakopa dola milioni 120 kwa msaada wa kaunti yao, wakasema bure kwa kila nyumba, wakapitisha sheria ndogo ya kuwaruhusu mafundi kuingia na kubadilisha hata kama mwenye nyumba hapatikani, wakafundisha vijana wa mji ule ule kazi ya bomba, na wakaenda mtaa kwa mtaa badala ya kungoja nani ameomba. Chini ya miaka mitatu walikuwa wametoa mabomba kama 23,000. Siwaambii walikuwa malaika. Mwaka 2024 watu wa kampuni moja iliyopewa sehemu ya kazi walishtakiwa kwamba waliacha mabomba ya zamani ardhini na kudai wameyatoa. Mkandarasi ni mkandarasi, hata akivaa kofia ya Kimarekani. Ndiyo maana shimo lisifukiwe kabla mtu wa kamati hajainama kuchungulia.

Lakini hatuna haja ya kwenda Newark kujifunza hili, maana bonde la Mlalo liko hapo chini. Waingereza walipoona udongo wetu unateremka na mvua, mwaka 1946 walianza mpango wa kulikarabati bonde, na dawa yao ilikuwa amri. Chimba matuta, usipochimba unatozwa faini. Wenye majembe walikuwa wanawake, na wenye kutoa amri walikuwa wanaume waliovaa kaptula. Wazee wetu wakakataa, wakakusanyika, wakapiga kelele, na kabla ya uhuru mpango wenyewe ukatupwa. Hayo matuta yalikuwa mabaya? Hapana, udongo ulikuwa unakwenda kweli. Kisha mwaka 1981 wakaja watu wa SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, na Wajerumani wao. Hao walileta miche, na majani ya Guatemala ya kupanda kwa mistari kukatiza mteremko, na majani hayo ng'ombe wa zizini anayala. Mama akaona maziwa. Mistari ikapandwa, na mingine mnaivuka hadi leo bila kujua ilitoka wapi. Mlima ulikuwa ule ule na watu ni wale wale. Ila safari ya pili mtu hakuambiwa tu ana kosa. Alikutwa shambani kwake na kitu mkononi.

Ndivyo ninavyotaka tufanye kuhusu kipande hiki. Msimwandikie mwenye nyumba barua. Mkuteni nyumbani kwake na bomba begani.

Fedha? Naomba mnivumilie kidogo hapa, maana hili hunichekesha. Kamati ya harusi katika kijiji hiki inaundwa Jumapili, kadi za michango zinatoka Jumatano, na kufikia mwezi wa pili kuna muziki wa kukodi, kreti za soda na sare za kina dada. Kamati ya maji inakaa miaka mitatu ikijadili ununuzi wa valvu moja. Watu ni wale wale, mifuko ni ile ile! Sisemi msioze. Ozeni, mimi mwenyewe napenda pilau. Nasema yule mweka hazina wa harusi, anayejua kumfuata mtu hadi shambani na kadi, ndiye apewe daftari la mabomba. Vikoba vya kina mama vina fedha inayolala. Vikopeshe kwa kipande cha bomba kama vinavyokopesha kwa mbegu za viazi. Na kuchimba hakuhitaji senti. Msaragambo mnaujua tangu mkiwa matumboni. Mtaro wa kina cha goti, uchimbeni Jumamosi moja kwa mstari mzima wa nyumba, kuanzia nyumba ya juu hadi ya chini, mjane na tajiri siku moja. Mkienda kwa nyumba moja moja, mtaanza kwa mwenyekiti na mtaishia kwa mwenyekiti.

Fundi muiteni mmoja wa kweli, mumlipe, mumwambie aache tyubu nyumbani. Na mbadilishe kipande chote, kutoka kwenye bomba kubwa hadi kwenye koki. Kubadilisha nusu ni kuosha sufuria nje ukaacha ndani. Huko kwenye mabomba ya risasi waliona kwamba ukikata nusu na kuacha nusu, ile iliyobaki hutikisika na kumwaga risasi zaidi kwa muda. Na kwa chuma chetu cha kutu mnajua wenyewe, ukikigusa tu magamba yanashuka na kuziba koki ya watu watatu. Bomba lipite mbali na choo hata kama mtaongeza mita kadhaa. Koki inunuliwe ile yenye jina na alama ya ubora, muuzaji akisema zote ni sawa mwacheni na zake. Na kabla ya kufukia, mtu mmoja mwenye macho aandike: nyumba ya nani, bomba gani, tarehe gani. Wenzetu wa Marekani wanahangaika hadi leo kutafuta mabomba ya risasi yako wapi kwa sababu waliofukia hawakuandika.

Wizara ya Maji ina maabara za kupima ubora wa maji. Katibu wa chombo chetu aombe kupitia RUWASA, sampuli ichukuliwe jikoni, tena asubuhi kabla koki haijafunguliwa, maana maji ya gati hayatatuambia habari za jikoni. Na wakati mnangoja hayo yote, kwa sababu najua mtangoja, maji yaliyolala bombani usiku kucha msiyatilie uji. Yafungulieni kwenye ndoo, mwagilieni kabichi, fagilieni ua, wapeni migomba. Yanayofuata ndiyo ya sufuriani.

Kuna wenye nyumba walioko Dar es Salaam na Tanga, ambao nyumba zao zinalindwa na mama mzee na wajukuu wawili. Hao wapigieni simu, wasikilizeni wakisema watakuja Desemba, kisha chimbeni. Mama mzee ndiye anayekunywa.

Na yupo atakayekataa kabisa. Mnamjua, mimi pia namjua, na hapa simtaji. Atasema kamati imekula fedha, atasema bomba la babu yake lina nguvu kuliko plastiki ya siku hizi, atasimama mlangoni na fimbo. Msigombane naye. Lazeni bomba hadi mpakani kwake, acheni tawi na kifuniko, andikeni kwenye daftari, fukieni, endeleeni kwa jirani. Mke wake ameshaniuliza mita moja inauzwa bei gani.